Mama Msumari na Orodha ya Sala Nane

Wale wanaosema Mama Msumari ana kisirani ni wale ambao bado hawajafiwa. Aliyefiwa hasemi hivyo. Aliyefiwa amekwisha kukaa kwenye kigoda chake, nyuma ya ukuta wa makaburi ya kanisa, akaulizwa swali moja ambalo hakuna mtu mwingine aliyemuuliza tangu msiba uanze, na akalia vizuri kwa mara ya kwanza. Kisirani anacho, sikatai. Lakini kina sababu, na sababu yenyewe nitaisema, maana kuna mambo mtu akiyanyamazia yanamwozea tumboni.

Kazi yake ni kutengeneza mawe ya makaburi. Watu huyaita mawe, ingawa ni saruji, mchanga na kokoto vilivyomwagwa ndani ya fremu ya mbao. Mahali pake pa kazi ni kibanda cha mabati matatu, pipa la maji, chekeche la mchanga, mwiko uliolika ncha, ubao wa kusawazishia, na msumari wa inchi sita unaong'aa kwa kushikwa. Msumari ndio kalamu yake, na ndio uliompa jina. Akishamwaga zege na kulisawazisha, hulifunika kwa gunia bichi na kusubiri. Akiandika mapema, herufi zinazama. Akichelewa, msumari unakwaruza juu juu tu. Kwa hiyo kila baada ya muda hufunua gunia na kubonyeza kwa kidole. Kidole kikiacha alama bila kutoka na maji, wakati umefika. Kuanzia hapo ana saa moja, na jua likiwa kali hata hiyo haifiki. Anapiga magoti juu ya kipande cha godoro na kuandika. Likishashika limeshika.

Kazi hiyo aliirithi kwa mumewe, na aliirithi kwa sababu ya aibu. Mume alikuwa fundi hodari wa kujenga, lakini kusoma hakujua. Herufi alizinakili kama mtu anavyochora ua: familia inaleta karatasi, naye anahamisha kila kilichomo. Siku moja watoto wa mzee fulani walileta karatasi yenye jina la baba yao, miaka yake, na chini kabisa maagizo kwa fundi. Fundi hakubagua. Kitambaa kilipoondolewa mbele ya waombolezaji, watu walisoma jina la mzee wao, wakasoma miaka yake, kisha wakasoma: TAFADHALI ANDIKA KWA HERUFI KUBWA. Mchungaji alikohoa. Mjane wa marehemu ndiye aliyeanza kucheka. Alisema mume wake alikuwa na macho mabovu na maisha yake yote aliwaambia watu maneno hayo hayo, kwa hiyo jiwe libaki lilivyo, na likabaki.

Jioni ile mume alimkabidhi mkewe msumari bila hotuba. "Wewe unajua kusoma," alisema. "Mimi nitamwaga, wewe utaandika." Mke akaandika miezi kadhaa yale yaliyoletwa, amelala kwa amani, amepumzika, amelala kwa amani, na kila alipopita kwenye lile jiwe la makosa alisimama. Lilimsumbua. Makaburi yote yale yalikuwa yamejaa watu wapole, utadhani hakuna hata mmoja aliyewahi kugombana na jirani, na katikati yao alikuwepo mzee mmoja tu ambaye ungemtambua kwa kumsoma. Ndipo alipoanza kuwauliza wafiwa lile swali lake. Hakuuliza marehemu alipenda andiko gani. Aliuliza, "Alipokuwa peke yake, alikuwa anamwambia Mungu nini?"

Kwanza watu husema hawajui. Halafu hunyamaza. Halafu mmoja wao husema kwa sauti ndogo kwamba kumbe walikuwa wanamsikia kila siku. Mama mmoja aliyeuza chai karibu na kituo cha mabasi alikuwa akiwasha jiko alfajiri na kusema, haya Mungu, na leo tena. Jiwe lake linasema NA LEO TENA. Dereva wa lori: WEWE SHIKA USUKANI, MIMI NIMECHOKA. Bibi mmoja kiziwi, aliyesali kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima: MIMI SIKUSIKII, WEWE UNANISIKIA. Mlevi wa pale sokoni, aliyetubu kila Jumatatu kwa miaka ishirini: KESHO NAACHA, NISHIKE LEO. Mumewe alipofariki, Mama Msumari hakuhitaji kumuuliza mtu. Kila alipomaliza ukuta, fundi yule aliweka pima maji juu yake, akarudi nyuma hatua mbili, akainua uso. NIMEMALIZA KAZI. ANGALIA KAMA IMENYOOKA.

Mama Msumari mwenyewe kusali kwa mdomo hakuweza kamwe. Kanisani wenzake wakifumba macho na kububujika, yeye maneno yalimkimbia, akabaki kusikiliza tumbo lake likinguruma. Lakini akipiga magoti juu ya lile godoro, akiandika sala ya mtu mwingine herufi kwa herufi, alijua anasikilizwa. Hakuweza kueleza alijuaje. Na Jumapili baada ya ibada watu walizunguka makaburini wakisoma, wakicheka, wakifuta machozi, na walikuja hata wale ambao kanisani hawakanyagi. Kilikuwa kitabu kile, kimetungwa na watu mia mbili na kuandikwa na mwanamke mmoja, kila ukurasa kilo sitini.

Ndipo akaja Katibu.

Alikuwa karani wa ofisi moja mjini, mtu wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka mikono. Alipochaguliwa kuwa katibu wa baraza la wazee wa kanisa watu walifurahi, maana kumbukumbu za kanisa zilikuwa zimevurugika, naye akazinyoosha. Angeishia hapo tungemshukuru. Lakini mtu akishapewa rula huanza kutafuta kilichopinda. Siku moja alizunguka makaburini na daftari, akasoma mawe yote moja baada ya jingine, akatoka amenuna. Wiki iliyofuata alifika kibandani na karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, juu ina mhuri, chini ina sentensi nane zenye namba.

"Habari za kazi, mama."

"Kazi ipo, Katibu. Umefiwa?"

"Hapana. Baraza limekaa. Kuanzia sasa maneno ya makaburini yatakuwa haya tu. Familia itachagua namba, mimi nitatia sahihi, wewe utaandika. Jiwe lisilo na sahihi yangu halipiti getini."

Mama Msumari alisoma. Namba moja, Amelala kwa amani. Namba mbili, Amepumzika. Namba tatu, Amelala kwa tumaini. Akashuka mpaka namba sita, Ameyakubali mapenzi ya Bwana, na akafika namba nane, Kwa amani amelala, ambayo ilikuwa ile namba moja imegeuzwa kichwa chini miguu juu.

"Na yule wa kesho naacha?" aliuliza.

"Huo ni mzaha, mama. Wageni wanakuja hapa wanasoma mlevi anamdanganya Mungu."

"Hakuwa anamdanganya. Alikuwa anamwomba."

"Na wengine wanalalamika. Kaburi si mahali pa kumshtaki Mungu. Mtu akisoma malalamiko pale imani yake inatikisika."

"Yako imetikisika?"

Katibu alirekebisha kalamu mfukoni. "Mawe ya zamani tutayazungumza baadaye," alisema, akaitundika karatasi kwenye msumari wa nguzo.

Hapo damu ilimchemka Mama Msumari, kwa sababu mawe ya zamani ni pamoja na la mumewe. Akaiacha kazi, akaenda moja kwa moja kwa mchungaji na saruji yake magotini. Mchungaji ni mtu mwema. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akakubaliana naye kwa kila neno, kisha akasema baraza limeshaamua, na tuombe. Wakaomba. Mama Msumari alitoka pale amekasirika kuliko alivyoingia. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Wahenga hawakuwahi kuhudhuria kikao cha baraza lile.

Angefanya nini? Kazi nyingine hakuwa nayo, na makaburi yalikuwa hayo hayo. Kwa miezi miwili aliandika namba. Watu wakazoea haraka, na hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi. Walifika wakisema, sisi tunataka namba nne. Walibishana wao kwa wao kama baba alikuwa mtu wa namba tatu au namba tano. Mwanamke mmoja aliyefiwa na dada yake wa pekee alisimama mbele ya ile karatasi kitambo, macho yanapanda na kushuka, mwisho akasema, "Nipe yoyote." Mama Msumari akampa namba mbili, na siku hiyo hakumwaga zege jingine.

Kisha akagundua jambo ambalo hakulitegemea. Alikuwa hawezi tena kusali. Akipiga magoti kuandika, alisikia magoti yanauma, basi. Hakukuwa na mtu upande wa pili. Akijaribu kumweleza Mungu jambo, kichwani ilimjia namba. Miaka kumi na tisa alikuwa na mahali pake pa kusikilizwa, pamefungwa kwa mhuri na plastiki, na mfungaji wala hakujua kwamba amefunga kitu. Aliogopa. "Wamekuziba wewe masikio," alisema siku moja huku akiosha mwiko, "au wameniziba mimi mdomo?" Hakujibiwa, akamwaga maji.

Mwezi wa tatu akafa Mshonaji.

Mtaa mzima ulimjua. Alikuwa amezika watoto watatu katika msimu mmoja wa mvua, homa moja, wiki sita. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye aliujua mara tatu kabla hajatimiza miaka thelathini. Alibaki na wawili. Mdogo, binti, sasa ni mpishi wa shule. Mkubwa ndiye Katibu. Tangu msimu ule wa mvua, kwa miaka thelathini na mitano, Mshonaji hakukosa ibada hata Jumapili moja, na hata Jumapili moja hakuimba. Alikaa benchi la pili ameinua kidevu, akitazama mbele kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake ofisini. Amina hakusema. Majoho yote ya kwaya aliyashona yeye, yanamkaa kila mwanakwaya bila kasoro, na wale waliovaa majoho yake ndio walionong'ona kwamba amekufuru. Na kila asubuhi nyumbani kwake, kabla hajaweka mguu kwenye pedeli ya cherehani, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nitakuuliza ana kwa ana." Kisha akaanza kazi.

Siku ya pili baada ya mazishi, Mpishi alifika kibandani na macho mekundu.

"Nimekuja kwa ajili ya jiwe la mama."

Mama Msumari alimvutia kigoda. Swali lake hakuliuliza, kwa kuwa jibu alilijua. Aliwahi kwenda kupimwa gauni asubuhi na mapema akalisikia kwa masikio yake.

"Unajua alivyokuwa anasema," Mpishi alisema.

"Najua."

"Basi andika hivyo."

"Na kaka yako?"

"Kaka amechagua namba sita."

Mama Msumari aliweka mwiko chini. Namba sita. Ameyakubali mapenzi ya Bwana. Ungezunguka dunia nzima ukitafuta sentensi isiyomfaa mwanamke yule, usingepata nyingine. Kumnyamazisha mtu aliye hai ni ubaya, lakini aliye hai anaweza kukufuata nyumbani akakutukana. Maiti atafanya nini? Anatiwa maneno mdomoni, maneno ya kuukana uchungu wake wote, na tena anatiwa na mwanawe mwenyewe, halafu tunaambiwa ni utaratibu.

"Kesho saa mbili asubuhi namwaga," alisema. "Njoo mapema."

Kesho yake walikaa wawili chini ya bati wakisubiri zege, Mpishi akimenya chungwa ambalo hakulila. Saa nne Mama Msumari alifunua gunia, akabonyeza, kidole kikaacha alama kavu. Akapiga magoti. Akaandika jina, akaandika miaka. Kisha akaanza, NITAKUULIZA, na alipokuwa kwenye herufi za mwisho alisikia kitu kilichokuwa kimemkaza kifuani kwa miezi miwili kinalegea kidogo. Ndipo kivuli kilipoangukia zege. Mlinzi wa geti alikuwa amempigia simu Katibu.

"Futa," Katibu alisema.

"Subiri nimalize ndipo usome."

"Nimeshalisoma hilo. Nimelisikia kila asubuhi tangu nikiwa mtoto. Futa, mama."

Mama Msumari akaendelea, ANA KWA ANA. Katibu akauchukua ubao wa kusawazishia, akainama na viatu vyake vya ofisini ndani ya mchanga mbichi, akaupitisha mara moja. Maneno yakafunikwa.

"Kaka," Mpishi alisema, "huyo ni mama."

"Ni mama, ndiyo maana."

Mama Msumari hakubishana. Aliandika upya, mstari ule ule, herufi zile zile. Katibu akafuta upya. Safari hii ubao uliguna juu ya zege, na haukuteleza. Jua lilikuwa limepanda na kibanda hakikuwa na ukuta wa kuzuia upepo.

"Mara ya tatu halitakubali," Mama Msumari alisema. "Likifutwa tena litabaki na mikwaruzo tu. Kwa hiyo kabla ya hapo nijibu kitu kimoja, mheshimiwa Katibu. Ulikuwepo alipokufa. Uliona amekubali?"

"Andika namba sita."

"Nimekuuliza."

"Na mimi nimesema uandike."

Mama Msumari akasimama, na kwa umri wake kusimama pale kulichukua muda, lakini hasira ilimsaidia. "Miezi miwili nimeandika namba zako," alisema, "nikajipa moyo kwamba pengine watu wale walilala kwa amani kweli, nani ajuaye. Huyu namjua. Mkono wangu hautamwandikia uongo. Andika mwenyewe. Ni mama yako." Akamgeuzia msumari, kichwa mbele, ncha kwake.

Nadhani alitegemea Katibu akatae. Katibu aliuchukua. Alikunja mikono ya shati, akapiga magoti juu ya lile godoro, akaanza kuandika. A. M. E. Herufi zilikuwa mbaya, zimeegemeana. Kisha mkono ukasimama hewani. Dada yake alimtazama, na Mama Msumari akatazama zege, kwa kuwa ni fundi, akaona rangi inapauka kuanzia pembeni.

"Una dakika kumi," alisema.

"Hakukubali," Katibu alisema.

"Hakukubali," dada yake akasema.

"Hata siku ile anakata roho. Nilimshika mkono nikamwambia, mama, sema tu amina, neno moja tu. Akanitazama." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Nikiyaweka yale maneno yake pale, Mungu atayakumbuka. Atasema, huyu ndiye aliyeninunia miaka thelathini na mitano. Atamfungia mlango."

Kumbe. Ule mhuri wote, ile plastiki, sahihi, mlinzi wa geti, sentensi nane za watu wapole, vilikuwa kazi ya mtoto mmoja anayejaribu kuficha hasira ya mama yake ili asikataliwe mlangoni. Mama Msumari alimwonea huruma, tena sana. Lakini hasira haikuondoka, na ilikuwa na haki ya kukaa. Kwa hofu ya mtu mmoja, watu wa mtaa mzima walikuwa wamezikwa kwa namba.

"Mwanangu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza asimwite kwa cheo chake, "mtu anayesema nitakuuliza ana kwa ana, ana shaka kwamba wataonana?"

Katibu akapangusa chembe za mchanga kwenye ncha ya msumari.

"Alikosa Jumapili hata moja?"

"Hapana."

"Wewe ukinuniwa na mtu, halafu kila wiki anakuja kukaa mbele yako mpaka mwisho, utasema amekukimbia? Mimi sijui Mungu atamjibu nini. Ila kama ni Mungu wa kumwogopa mshonaji mwenye swali moja, basi hata hao waliolala kwa amani wako taabani."

Mpishi akaanza kulia bila sauti. Upepo ulipeperusha gunia, Mama Msumari akalikanyaga.

"Zimebaki dakika ngapi?" Katibu aliuliza.

"Tano."

Akainama. Sasa ilimbidi ashike msumari kwa mikono miwili na kuulalia, maana zege lilikuwa linakataa. Hakuzifuta zile herufi tatu. Aliendelea pale pale zilipoishia, jasho likimdondoka puani, neno la mwisho likishuka mteremko kwa sababu nafasi ilimwishia. Alipoinuka walisoma wote watatu: AMEKWENDA KUULIZA. Katibu alirudisha msumari, akaenda kwenye pipa, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jiwe lilipita getini bila sahihi ya mtu. Jumapili ile watu walijazana mbele yake, na wanakwaya wawili waliokuwa wakinong'ona zamani walisimama pale na majoho yao mpaka watoto wao wakawavuta. Mama Msumari akasubiri Katibu aje aondoe ile karatasi kwenye nguzo. Akasubiri wiki moja. Akasubiri ya pili. Alishaanza kumsamehe, na mtu wa tabia yake akianza kusamehe si jambo la kuchezea.

Jumatatu ya wiki ya tatu Katibu alikuja. Mkononi alikuwa na karatasi mpya, plastiki mpya, sentensi zile zile nane. Ya zamani ilikuwa imefifia kwa jua, alisema.

"Na la mama yako?" Mama Msumari aliuliza.

"Lile ni jambo la familia." Hakumtazama. "Baraza limeelewa. Ilikuwa hali ya pekee."

"Hali ya pekee."

"Utaratibu ni utaratibu, mama."

Haya, tusikilize vizuri. Mama yake amekwenda kuuliza. Mama zetu wamelala. Yeye alilia hapa, akapiga magoti hapa, akafunguliwa moyo kwa msumari wa watu, kisha akavuka salama na kuondoa daraja ili mwingine asipite. Nimewahi kuona watu wabaya, lakini mbaya hukuacha ukijua umesimama wapi. Huyu hata alikuwa mpole alipokuwa akisema.

Wakati huo huo aliingia mzee mmoja muuza mkaa, kofia mkononi, aliyefiwa na mkewe siku tatu zilizopita. "Wameniambia getini nije kuchagua namba," alisema.

Kigoda kilikuwa kimelowa maji ya pipa. Mama Msumari alinyoosha mkono, akaichukua ile karatasi mpya mkononi mwa Katibu, akaitandika juu ya kigoda, plastiki juu. "Kalia hii, baba, usilowe," alisema. Mzee, ambaye hakujua anakalia nini, akakaa. "Mkeo alipokuwa peke yake, alikuwa anamwambia Mungu nini?"

Mzee alimtazama Katibu kwa wasiwasi. "Si kuna namba?"

"Namba ni za mtu asiyejulikana. Wewe mkeo unamjua."

"Jiwe hilo halitapita getini," Katibu alisema.

"Lisipite. Nitalisimamisha nje ya geti. La kesho nitaliweka pembeni yake, na la keshokutwa, na Jumapili watu wakija na maua yao watakukuta hapo uwaeleze kwa nini mama yako ana mdomo na wa kwao hawana."

Katibu alitoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Hakuna aliyemsaidia. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anageuza kofia yake, na mabega yalikuwa yameanza kutikisika, haijulikani ni kwa kilio au kicheko.

"Alikuwa anasema," alianza, akasimama, akaanza tena. "Kila nikirudi na mkaa wangu nikachafua nyumba, alikuwa anatazama juu anasema, huyu mume nimemvumilia vya kutosha, sasa zamu yako."

Mama Msumari alikwenda kuchekecha mchanga. Nyuma yake mzee alikuwa akilia vizuri, na Katibu alikuwa bado amesimama, hajui aende wapi. Mama Msumari aliinama kuchota kokoto, na kabla koleo halijagusa chini maneno yalianza kumjia, yake mwenyewe, bila namba, mengi kuliko alivyoweza kuyashika. Alimwambia Mungu yote, palepale, huku akikoroga, na sehemu kubwa haikuwa shukrani.